Mwaka Mama Esperance Alipoitwa Roboti

Sogea karibu, wewe unayenisoma, na kama una chai usiiache ipoe, kwa maana habari hii haina haraka. Nitakueleza polepole. Pale utakapoona nimeingia kwenye mambo ya mashine usiogope: tutavuka pamoja, na ng'ambo utakuta chakula. Juzi nilialikwa mtaa wa Mapendo, nyumbani kwa Mama Esperance, ambaye zamani tulifanya kazi pamoja. Binti yake, huyo Esperance mwenyewe, alikuwa amerudi kutoka Ulaya kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na amekuja na msichana wake wa miaka saba, asiye na meno mawili ya mbele. Jina la mtoto ni Ineza, lakini nyumba nzima inamwita Karobo. Alinikazia macho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili alichofundishwa kwenye simu na bibi yake, ambaye yeye humwita tate: "Ni wewe ulisema tate yangu iko robo?" Sebule nzima ikacheka, na Mama Esperance ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikamjibu mtoto kwamba si mimi niliyesema. Ni tovuti. Kisha, kwa kuwa mimi siwezi kuona swali likipita bila kulisimamisha, nikaanza kumweleza.

Miaka saba si mingi, najua. Lakini tangu wakati ule Goma imeona mlima ukimwaga moto, na watu wamehama, wamerudi, wamehama tena, hata nikiukumbuka mwaka ule naona kama nasimulia ujana wa mtu mwingine, mwembamba kidogo kuliko mimi. Nilikuwa nimemaliza masomo, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika chumba cha intaneti, au siber kama tunavyosema, cha Papa Kambale. Ilikuwa nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano, imepakwa rangi ya buluu upande unaoonekana kutoka barabarani na haikupakwa chochote pande nyingine. Mbele kulikuwa na kompyuta zetu, mimi, na mwenzangu Bienvenu, kijana mwenye vidole vyepesi na maneno mengi. Nyuma, ng'ambo ya ukuta mwembamba wa mbao, kulikuwa na jiko la Mama Esperance, aliyetupikia sisi na wachuuzi wa barabara nzima. Ukuta ule haukuzuia harufu wala habari. Wateja waliandika barua za kuomba kazi huku pua zao zikiwa ndani ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Na mteja akinong'ona jambo la mchumba wake kwenye simu, jikoni walitoa shauri. "Muache huyo," sauti ilisikika kutoka kwenye moshi. "Mwanaume wa kukuomba mega za intaneti kila siku, akikuoa atakuomba na sabuni."

Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mpole, mwenye kofia, na mwenye imani moja tu kubwa nje ya ile ya kanisa: kwamba watu kumi hawaendi sokoni kununua chumvi kila mmoja kivyake. Anatumwa mmoja, ananunua kwa wote. Imani hiyo aliitia hata kwenye intaneti. Tulipata mtandao kwa antena ya juu ya bati, nao ulikuwa mwembamba kama uzi, kwa hiyo fundi mmoja rafiki yake alichukua kompyuta kuukuu, akaifundisha kuwa mtumwaji wa nyumba. Mteja akitaka ukurasa, kivinjari chake hakikwenda kuuchukua chenyewe. Kilimwambia mtumwaji, mtumwaji akaenda, akabisha hodi kwenye tovuti, akauleta, na nakala akaiweka pembeni ili mteja wa pili asitumie mtandao bure. Sanduku lile Papa Kambale alilipenda sana. Alilipa jina la Mujumbe, na kwa kuwa ukuta pekee usiovuja ulikuwa wa jikoni, Mujumbe alikaa kwenye rafu ya Mama Esperance, juu ya vitunguu, akivuma siku nzima na kunusa mafuta ya mawese. Ukumbuke sanduku hilo. Tutarudi kwake.

Mwanzo wa mwaka Esperance alipiga simu kusema ana mimba. Huku kwetu habari hiyo haiwi habari ya furaha tu, ni wito. Binti akizaa mtoto wa kwanza, mama yake huenda. Anaenda kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji, kumshika mtoto ili mzazi alale, na kumwambia kila asubuhi kwamba hafi, wote tulipita hapo. Esperance alikuwa peke yake, mume wake akifanya kazi za zamu, na kila Jumapili sauti yake ilipungua. "Mama, huku mutu anazaa leo, kesho anajipikia," alisema, na sote tulisikia, kwa sababu Mama Esperance aliongea na simu kana kwamba Ulaya iko ng'ambo ya korongo. "Hapana," alijibu. "Mi nakuja. Uniwekee sufuria kubwa." Barua ya mwaliko ilikuwepo, pasipoti ilikuwepo. Kilichobaki ni randevu ya viza, siku ya kwenda kupeleka karatasi, na randevu haikupatikana mlangoni kwa mtu yeyote. Ilipatikana kwenye tovuti, ambako tarehe mpya zilitokea asubuhi na kuisha kabla chai haijapoa.

Basi asubuhi ya kwanza alifuta mikono kwenye kitenge, akaketi mbele ya mashine bora tuliyokuwa nayo. Tovuti ilimtaka kwanza athibitishe kwamba ni binadamu, achague picha zote zenye taa za barabarani. Akazitazama kama anavyotazama dagaa kabla ya kununua. "Hizi taa ziko Goma?"

"Hapana, mama. Ziko kwao," nikasema.

"Sasa mi nitazijulia wapi? Kama banataka kujua kama niko mutu, baonyeshe chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubeba mizigo. Chukudu ya mzigo wa makaa na ile haina kitu, nitawatenganishia hata nikifunga macho."

Hata hivyo alichagua vizuri, hakukosea hata moja. Ukurasa ukafikiri, kisha ukaleta maandishi ya Kifaransa: shughuli za mashine zimetambuliwa kutoka kwako, umezuiwa. Akaniuliza inasema nini. Nilitafuta namna ya adabu ya kusema, sikuipata. "Inafikiri uko roboti, mama."

"Roboti? Ile ya Kinshasa yenye kusimamisha magari?"

"Karibu vile."

"Mi nilisimamisha gari gani?"

Bienvenu alisema hilo si tatizo, kwa kuwa kama tovuti inaogopa roboti, yeye atatengeneza roboti mwenye akili. Mchana mmoja ukamtosha. Aliandika programu ndogo ya kwenda kubisha kwenye tovuti kila baada ya dakika chache na kulia kengele ikiona tarehe. Aliivalisha vizuri: ilijitambulisha kwa jina la kivinjari kinachojulikana, cha toleo jipya, kwenye kompyuta ya kawaida. Ilizuiwa siku hiyo hiyo, kwa maandishi yale yale, nukta kwa nukta. Papa Kambale alisimama nyuma ya viti, mikono mgongoni, akasoma skrini ya Mama Esperance, akasoma na ya Bienvenu. "Kwa hiyo," akasema taratibu, "Mama na ile programu ni mapacha."

Wiki zilizofuata zilikuwa shule ya kumfundisha mama wa watoto saba kuwa binadamu. Bienvenu alisoma mahali fulani kwamba tovuti hutazama jinsi mtu anavyosogeza kipanya, kwa kuwa mashine huenda moja kwa moja na mtu husitasita. "Sitasita, mama," akamwambia. "Nisitesite juu ya nini? Mutoto wangu anazaa!" Lakini alijaribu. Alikizungusha kipanya kama anayesonga bugali, akakipumzisha, akakizungusha tena. Mteja mmoja aliyekuja kuchapa karatasi alishauri apige miayo. Tulibadilisha kivinjari, tukabadilisha mashine, tukazifuta kumbukumbu zote za mashine hadi wateja wakapoteza namba zao za siri na kutulaani. Umezuiwa, umezuiwa. Jioni, kwenye vibao vya jikoni, Mama Esperance alijizoeza picha kwenye simu yangu: taa, madaraja, baiskeli, mabomba mekundu ya wazima moto ambayo mwanzoni alidhani ni sanamu za watakatifu. Na kila Jumapili tumbo la Esperance lilisonga mbele, nasi tarehe hatuna. Hali ya Mama Esperance tuliijua kwa maharagi. Wiki njema yalikuwa na chumvi. Kisha ikafika wiki ambayo hayakuwa nayo kabisa, na hakuna aliyethubutu kuiomba.

Sasa nikufikishe kwenye siku iliyotufungua macho. Tulikuwa tunakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na bugali, Papa Kambale akiwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Akaingia mwanaume mwenye begi la chaja za simu na tabasamu pana. Alijiita Kakule, mutu wa Butembo, ametumwa na mjomba wa Papa Kambale apokelewe kama ndugu, apewe meza ya kuuzia pale mbele. Jina lilikuwa la Butembo, habari za mjomba alizijua. Akamshika Papa Kambale mikono yote miwili juu karibu na mabega, akamkumbatia, akakaa pale pale, na bila kumwachia akauliza nyumba iko namna gani, watoto wako namna gani, na ng'ombe wako namna gani.

Papa Kambale akamtazama. "Mi nina ng'ombe gani? Mi nina antena."

Jikoni kijiko kilianguka. Mama Esperance, mzaliwa wa Rutshuru kwa wafuga ng'ombe, alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko. "Huyu ni wa kwetu!" akapaza sauti. "Jina amevaa la Butembo, lakini ile salamu imetoka Rutshuru na vumbi lake! Kaka, njoo hapa, mama yako ni nani?" Yule bwana aliona aibu kwa muda wa kumeza mate tu, kisha naye akacheka. Alikuwa amesikia kwamba Papa Kambale anawaamini watu wa Butembo, akajaribu bahati. Alipewa sahani, na baada ya sahani alipewa meza, maana Papa Kambale alisema mutu mwenye kuulizia ng'ombe ambao hawapo hawezi kuwa mubaya. Mimi lakini nilikuwa nimeacha kutafuna. Nilikuwa natazama rafu, juu ya vitunguu.

Tulia hapa kidogo nikueleze, si vigumu. Kabla ukurasa wowote haujafunguka, kabla hujaona picha wala neno, kivinjari chako na tovuti husalimiana. Kivinjari hutangulia: mimi najua kufunga siri kwa njia hii, na hii, na hii, nimezoea mambo haya, tuelewane kwa lipi? Salamu hiyo ina mpangilio wake, na kila kivinjari kina wake, kama kila nyumba ilivyo na namna ya kupeana mkono. Mtu hawezi kuiona, lakini tovuti huisikia. Kisha ndipo kivinjari hutaja jina lake. Tovuti yenye mlinzi makini hulinganisha viwili hivyo: jina ulilotaja na salamu uliyotoa. Vikipatana, pita. Ukisema wewe ni Kakule huku unaulizia ng'ombe, mlinzi anaweka mkono mlangoni. Na sisi sote pale siber, kivinjari gani kilikuwa kinasalimia? Hakuna. Kila kimoja kilitaja jina lake zuri la kisasa, lakini aliyekwenda kutoa salamu ni Mujumbe, sanduku kuukuu la jikoni, kwa salamu yake ya kizamani aliyofundishwa na fundi. Programu ya Bienvenu nayo ilipitia kwake. Ndiyo maana walikuwa mapacha: walisalimia kwa mdomo mmoja.

Nilichukua simu yangu, nikatumia mega zangu mwenyewe, bila antena ya nyumba, nikafungua tovuti ile. Ilifunguka bila neno. Nililia "eh!" kwa nguvu hadi mteja akazima mashine yake akidhani ni moto. Lakini fomu ya randevu ilikuwa ndefu, yenye karatasi za kupandisha, na mtandao wa simu siku zile ulikatika kila tulipofika katikati. Ilibidi kutumia antena. Na kutumia antena ilibidi Mujumbe aondoke njiani.

Papa Kambale alisikiliza maelezo yangu yote, akaniuliza maswali mazuri, akanisifu, kisha akakataa. Mujumbe hazimwi. Mujumbe alikuja kutoka Butembo juu ya lori la vitunguu, akalala njiani, akafika mzima. "Solange, binti yangu," akaniambia, "ni heshima kumutuma mutu akusalimie batu. Kwetu mukubwa haendi kubisha yeye mwenyewe. Ile tovuti ndiyo haina adabu." Mama Esperance alisikia yote kutoka jikoni. Mchana alipakua kama kawaida: mimi sahani yangu, Bienvenu yake, muuza chaja yake. Sahani ya Papa Kambale, maharagi yakiwa yanatoa moshi, akaipandisha rafuni, akaiweka mbele ya Mujumbe, na kijiko juu.

Papa Kambale alingoja. "Mama, na mimi?"

"Si anakusalimiaka batu? Basi na kula akulie."

Sanduku lilivuma, maharagi yakafuka. Muuza chaja aliinamisha kichwa ndani ya sahani yake, mabega yakitikisika. Papa Kambale alivua kofia, akaivaa tena, akainuka, akaenda jikoni. Akasimama mbele ya rafu kama mtu anayeaga jamaa. "Pumzika kidogo, muzee," akamwambia Mujumbe, akauchomoa waya. Kisha akaishusha sahani yake, akaonja. "Haina chumvi," akasema, kwa upole. "Itapata chumvi siku ya randevu," Mama Esperance akajibu.

Kazi haikuwa imekwisha. Programu ya Bienvenu ilikuwa imebisha mno kwenye mlango ule, na tovuti hukumbuka nyumba inakotoka kelele. Nikasema izimwe, na sote tukae kimya siku chache tusahauliwe. Bienvenu aliumia. "Tuifundishe tu kusalimia kama kivinjari," akaniomba. "Inawezekana, nilisoma." Ni kweli, inawezekana, wapo wanaofanya. Lakini nilimweleza kwa nini mlinzi yule aliwekwa: wapo watu wenye programu kama yake wanaozoa tarehe zote asubuhi na kuziuza mchana, na ndiyo sababu zilikuwa zinaisha kabla ya chai. Mama Esperance alitoa kichwa jikoni. "Kwa hiyo mulango umefungwa sababu ya bandugu ba ile programu yako, Bienvenu? Mwanangu, ua ile kitu." Akaiua, na siku ile alikula kidogo.

Asubuhi tuliyochagua, Papa Kambale mwenyewe alisimama mlangoni kuwaomba wateja wangoje, mtandao wote uachiwe mtu mmoja. Hawakuondoka, waliketi kwenye vibao kama kanisani, muuza chaja akiwa mbele. Mama Esperance alikuja amevaa kitenge cha sherehe. Aliketi, akanyoosha mgongo, akaitazama skrini, akasema kwa sauti, "Bonjour." Nilimwonyesha pa kubonyeza. Ukurasa ukafunguka. Tarehe zikatokea, chache, za kijani. Akabonyeza moja, akajaza jina lake kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, nami sikumsaidia hata herufi moja, kwa sababu mwandiko wa polepole wa mtu haujawahi kuwa kosa. Karatasi zikapanda. Randevu imethibitishwa. Siber ikalipuka kwa makofi, Bienvenu akamkumbatia muuza chaja, na Papa Kambale akaelekea jikoni moja kwa moja kutafuta chumvi.

Mama Esperance peke yake alibaki ameikodolea skrini. "Na picha?"

"Picha gani, mama?"

"Za taa! Za baiskeli! Hawaniulizi?" Nikamwambia hawakuona haja, salamu imetosha. Akageuka kitini na kututazama mmoja mmoja, amechukizwa kabisa. "Nilijizoeza miezi yote hii," akasema. "Hata yale mabomba nilishayajua."

Alifika Ulaya wiki moja kabla ya mtoto. Alitupigia simu kutoka kwenye jiko lisilo na moshi, akatuonyesha kitu chekundu kilichokunjamana ndani ya blanketi. "Huyu njo Karobo, karoboti kangu kadogo," akasema, "bibi yake aliingia hapa kwa shida." Mujumbe aliwashwa tena baadaye, lakini Papa Kambale alimtengenezea adabu mpya: shughuli kubwa ya mtu, mtu anaenda mwenyewe. Alishika desturi hiyo hadi siku alipofunga siber na kurudi Butembo.

Juzi, nilipomaliza kumweleza Ineza haya yote, alifikiri, kisha akasema anataka kujua na yeye anasalimia kama nani. Bibi yake akamwambia anisalimie. Mtoto akasimama, akanishika mikono yote miwili karibu na mabega, akakaa pale pale, akauliza nyumba iko namna gani, watoto wako namna gani. Kisha, kwa uso mzito kabisa, kupitia pengo la meno: "Na ng'ombe?" Tate yake alikimbilia jikoni, akisema moshi umemwingia machoni, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Basi nawe, siku tovuti itakapokuita roboti, usigombane na picha na usibonyeze mara mia. Zima programu yoyote inayofungua kurasa kwa niaba yako, toka kwenye mtandao wa watu wengi, washa mtandao wa simu yako mwenyewe, ngoja kidogo, kisha bisha mara moja.